Mkaazi wa Mombasa na Huduma za Serikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakaazi wa Mombasa, hasa wale wa mitaa iliyo mbali na ofisi za kisiwani, kama vile Mtongwe, Jomvu Kuu, Mikindani, Miritini, Utange na Mwakirunge, ambao safari moja ya kwenda ofisini huwala nauli na kibarua cha siku nzima. Wengi wao hurudi mikono mitupu, si kwa sababu huduma haipo, bali kwa sababu walibisha mlango usio wake au walikosa karatasi moja. Ndiyo maana majibu yaliyomo humu yanajali zaidi mambo mawili: uanzie wapi, na uende na nini. Viwango vya ada za kaunti havikutajwa, kwa kuwa hupangwa na Sheria ya Fedha ya kaunti ambayo hupitiwa upya kila mwaka.

Nitajuaje jambo langu ni la serikali ya kaunti au la serikali kuu?

Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi za serikali katika Jadweli la Nne, na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, zikichukua nafasi ya mabaraza ya manispaa na ya miji. Kaunti ya Mombasa, ambayo ndiyo nambari 001 katika orodha ya kaunti 47, ina maeneo bunge 6, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na wadi 30.

Kaunti imepewa zahanati, vituo vya afya na hospitali zake, masoko na leseni za biashara, uzoaji wa taka, mitaro ya maji ya mvua, usambazaji wa maji, barabara za mitaani na taa zake, maegesho, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya mitaani, zimamoto, upangaji wa ujenzi, na udhibiti wa kelele na kero za umma. Serikali kuu imebaki na polisi, mahakama, vitambulisho, pasipoti, usajili wa vizazi na vifo, shule za msingi na za upili, umeme, bandari na barabara kuu za kitaifa.

Yapo mambo yanayogusa pande zote mbili. Mwalimu wa chekechea, kwa mfano, ni wa kaunti, ilhali mwalimu wa darasa la kwanza katika uwanja huo huo wa shule ni wa serikali kuu. Mzazi anayelalamikia paa la darasa la chekechea kwa afisa wa elimu wa serikali kuu ataambiwa, na kwa haki, kwamba hilo si lake. Unapokuwa na shaka, uliza hivi kabla ya kueleza kisa chako kirefu: “Je, ofisi hii ndiyo inayoshughulikia jambo hili, na kama siyo, ni ipi?”

Chifu ni mtumishi wa kaunti?

La. Chifu na naibu wake wako chini ya serikali kuu, katika mlolongo unaopanda hadi kwa kamishna wa kaunti. Upande wa kaunti, ofisa aliye karibu nawe zaidi ni msimamizi wa wadi, na juu yake yuko msimamizi wa kaunti ndogo. Wazee wa mtaa hufanya kazi kwa karibu na chifu, na barua zao za utambulisho huhitajika mara nyingi, kwa hiyo ni vyema mzee wako wa mtaa akujue kabla hujawa na shida.

Na mwakilishi wa wadi? Yeye si ndiye anayejenga barabara?

Mwakilishi wa wadi hutunga sheria katika Bunge la Kaunti, hupitisha bajeti na huwahoji mawaziri wa kaunti kuhusu namna fedha zilivyotumika. Hana idara ya ujenzi wala greda. Anachoweza kufanya, na ambacho una haki ya kumdai, ni kuhakikisha mradi wa mtaa wenu umeingizwa katika bajeti na kuuliza Bungeni kwa nini haujatekelezwa. Mwambie jambo hilo kwa maandishi. Ahadi iliyotolewa kwenye mkutano wa hadhara haina ukumbusho, ilhali barua iliyopokelewa inaweza kusomwa tena miezi sita baadaye.

Mtoto amezaliwa nyumbani. Nimpatieje cheti cha kuzaliwa?

Mtoto aliyezaliwa hospitalini huandikiwa taarifa ya kuzaliwa na hospitali yenyewe. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa na naibu wa chifu wa eneo alikozaliwa, na hata kama mama alijifungua kwa mkunga wa mtaani, taarifa hiyo ni halali sawa na ya hospitali. Chukua nakala za vitambulisho vya wazazi na kitabu cha kliniki ikiwa mtoto amekwisha kuchanjwa. Baada ya hapo utapewa kipande cha karatasi ambacho watu wengi hukidhania kuwa ni cheti. Sicho. Ni uthibitisho tu kwamba taarifa imepokelewa, na cheti chenyewe huombwa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo au kupitia eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, kwa kutumia nambari iliyoandikwa juu ya kipande hicho.

Kisome kipande hicho herufi kwa herufi kabla ya kuondoka mezani. Majina ya Pwani huandikwa kwa namna nyingi: Mwanaisha na Mwana Isha, Abdulrahman na Abdurahman, Mbwana na Bwana. Herufi moja ikihitilafiana na kitambulisho cha baba au mama, mtoto atakuja kuulizwa atakapokuwa anajiandikisha kwa mtihani, kisha atakapotaka kitambulisho, kisha tena atakapotaka pasipoti. Kulisahihisha jina siku ile ile ni jambo la kalamu, lakini kulisahihisha baada ya miaka 18 kunaweza kuhitaji hati ya kiapo na ushahidi wa watu wazima wa ukoo.

Mtoto wangu amepita miezi sita bila kuandikishwa. Nimechelewa?

Sheria inataka uzazi uandikishwe ndani ya miezi sita. Ukipita muda huo, bado unaweza kuandikisha, lakini utaingia katika utaratibu wa usajili wa kuchelewa, ambao una ada na unadai ushahidi zaidi, kama vile kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo au barua ya madrasa, barua ya shule, na vitambulisho vya wazazi. Usingoje mtoto afike darasa la mtihani.

Kijana ametimiza miaka 18. Aende wapi kwa kitambulisho?

Aanzie kwa chifu wa eneo analoishi, au aende katika ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo yake, akiwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule alichonacho na nakala za vitambulisho vya wazazi. Ikiwa wazazi wamefariki, abebe vyeti vya vifo pamoja na kitambulisho cha ndugu wa karibu. Atachukuliwa picha na alama za vidole, kisha atapewa karatasi ya kungojea, na karatasi hiyo asiipoteze, kwa kuwa ndiyo itakayomtambulisha hadi kitambulisho kitoke.

Mtu amefariki nyumbani na maziko ni leo hii. Tufanye nini?

Mwarifuni naibu wa chifu mara moja, kwa kuwa ndiye anayeandikisha kifo kilichotokea nyumbani na kutoa kibali cha maziko. Hili linawezekana kufanyika siku hiyo hiyo, na katika mitaa yetu mingi, ambako maiti husaliwa baada ya sala ya adhuhuri au alasiri, hufanyika hivyo. Mtu mmoja wa nyumba abaki na jukumu hilo peke yake, akiwa na kitambulisho cha marehemu, wakati wengine wakishughulikia kuosha na kaburi. Ikiwa kifo kilitokana na ajali, kupigwa, kuzama au sababu isiyojulikana, polisi lazima waarifiwe kwanza.

Familia nyingi huzika na kusahau cheti, kisha hukumbuka pale benki inapokidai au mirathi inapofikishwa kwa Kadhi. Kama ilivyo kwa uzazi, kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi sita huingia katika utaratibu wa kuchelewa.

Kituo cha Huduma kinafanya nini, na kiko wapi?

Kituo cha Huduma cha Mombasa kiko katika jengo la Posta, Barabara ya Digo. Hapo idara nyingi za serikali kuu zimewekwa chini ya paa moja, zikiwemo za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kodi ya mapato, bima ya afya na malipo ya uzeeni. Leseni ya biashara, maji na taka ni mambo ya kaunti, na hayo yana ofisi zake.

Hospitali za kaunti ni zipi, na nahitaji nini ili nitibiwe?

Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, iliyoko kisiwani, iko chini ya kaunti ingawa inahudumia wagonjwa wa Pwani yote. Ziko pia hospitali za Tudor, Port Reitz na Likoni, na chini yake vituo vya afya na zahanati mitaani. Kwa homa, jeraha dogo, kliniki ya wajawazito au chanjo, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Foleni ya hospitali ya rufaa ni ndefu kwa sababu, pamoja na mengine, inabeba wagonjwa ambao wangehudumiwa mtaani kwao.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF. Kujiandikisha ni bure, na kunaweza kufanywa kwa simu ya aina yoyote kwa kubonyeza *147#. Hapa pana jambo ambalo halijaeleweka vyema: aliyejiandikisha anastahili huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hata kama hajachangia, kwa kuwa gharama hizo hulipwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi. Mchango unahitajika kwa huduma za hospitali, ikiwemo kulazwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira rasmi hupimiwa kulingana na hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi.

Kila mtaa pia una wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba, na posho yao hulipwa kwa ushirikiano wa serikali kuu na kaunti. Kama nyumba yenu haijawahi kutembelewa, uliza zahanati ya karibu ni nani aliyepewa eneo lenu.

Kwa nini maji hukatika Mombasa kwa siku nyingi, na nimlalamikie nani?

Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji. Maji yanayofika mferejini yanatoka mbali: chemchemi za Mzima zilizoko Taita Taveta, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, na vyanzo vya Marere na Tiwi katika Kaunti ya Kwale. Bomba likipasuka Kilifi, au umeme ukipotea kwenye pampu za Baricho, mfereji wa Nyali unakauka ijapokuwa hakuna kilichoharibika Nyali. Bwawa la Mwache, Kwale, limekusudiwa kupunguza upungufu huu.

Maji hayo hupitia mikono miwili. Wakala wa kazi za maji wa Pwani, ulio chini ya serikali kuu, huyaleta kwa mabomba makubwa, na kampuni ya maji ya kaunti, MOWASSCO, huyagawa mitaani na kutoza bili. Lalamiko lako wewe ni kwa kampuni ya maji, kwa sababu ndiyo yenye mkataba nawe. Iambie tarehe ya mwisho ulipopata maji, nambari ya akaunti, na iwapo majirani nao wamekosa. Ukosefu ukiwa kwako peke yako, huenda ni bomba lako au mita. Ukiwa wa mtaa mzima, andikeni barua moja yenye akaunti nyingi, kwani barua ya akaunti kumi hupewa uzito ambao simu kumi za watu mbalimbali hazipati. Bodi ya kudhibiti huduma za maji, ambayo ni ya kitaifa, hupokea malalamiko ambayo kampuni imeshindwa kuyatatua.

Visima vya mitaani si mbadala salama wa maji ya kunywa. Sehemu kubwa ya kisiwa ina maji ya chumvi, na vyoo vya shimo vimechimbwa karibu na visima. Maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa.

Bili ya maji imekuja kubwa kupita kiasi. Nitaipinga vipi?

Yuniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Bili ya yuniti 30 inadai kwamba nyumba yako ilitumia mitungi 1,500 kwa mwezi, takriban mitungi 50 kwa siku. Jiulize kama hilo linawezekana kwa idadi ya watu mlio nao. Kisha funga mifereji yote, ya jikoni, ya chooni na ya tangi, na utazame gurudumu dogo la mita kwa dakika chache. Likizunguka, maji yanavuja baada ya mita, na ukarabati ni wako. Likisimama tuli, piga picha ya nambari za mita na uzilinganishe na usomaji ulioandikwa kwenye bili, kwa kuwa mara nyingi usomaji huo ni wa kukadiria. Peleka picha hiyo pamoja na barua, na ulipe kiasi usichokipinga ili usikatiwe maji wakati shauri likiendelea.

Taka hazijazolewa, na maji taka yanatiririka barabarani. Ni kazi ya nani?

Uzoaji wa taka ni kazi ya kaunti. Jaa kuu liko Mwakirunge. Lile la Kibarani, lililokuwa likimkaribisha kila mgeni anayeingia kisiwani, lilifungwa na mahali pake pakafanywa bustani, jambo lililoonyesha kwamba hali hizi zinaweza kubadilika. Ripoti rundo la taka kwa msimamizi wa wadi, ukitaja mahali hasa na kuambatisha picha yenye tarehe. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza kuanzia nyumbani.

Kuhusu maji taka, sehemu kubwa ya Mombasa haijaunganishwa na mabomba ya maji taka na hutegemea mashimo. Shimo likifurika, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuita gari la kunyonya, na mpangaji anayepuuzwa anaweza kumwita afisa wa afya ya umma wa kaunti, ambaye ana mamlaka ya kumpa mwenye nyumba ilani ya kuondoa kero. Mitaro ya mvua isigeuzwe kuwa njia ya maji taka. Isafishwe kabla ya masika ya Aprili, na msimamizi wa wadi akumbushwe mapema, tangu Februari, kwa sababu mtaro unaozibuliwa baada ya maji kuingia nyumbani hauwafai tena walioharibikiwa magodoro.

Barabara ya kwetu ina mashimo na taa hazimuliki.

Barabara za ndani ya mtaa na taa zake, zikiwemo zile nguzo ndefu za mulika mwizi, kwa kawaida ni za kaunti. Barabara ya kwenda Nairobi na ile ya kwenda Malindi ziko chini ya mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya mamlaka ya barabara za mijini, ambayo pia ni ya serikali kuu. Kuhusu nguzo za umeme zilizoinama au nyaya zilizoanguka, kaa mbali na uarifu Kenya Power.

Feri ya Likoni ni ya kaunti?

Hapana, inaendeshwa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Anayevuka kwa miguu halipi chochote. Ada hutozwa vyombo.

Nataka kufungua duka au kibanda cha chakula. Nianzie wapi?

Tofautisha usajili wa jina la biashara, ambao ni wa serikali kuu na hufanywa kwenye eCitizen, na leseni ya biashara, ambayo hutolewa na kaunti kwa mahali fulani na aina fulani ya kazi. Anayeuza viazi karai au biriani kibandani anahitaji leseni hiyo, pamoja na cheti cha afya kwa kila anayeshika chakula, na jengo kubwa litakaguliwa pia na zimamoto. Anayetaka meza katika soko la Kongowea, Marikiti au Majengo aende kwa msimamizi wa soko. Asimlipe mtu “kilemba” cha kuachiwa meza, kwa sababu meza ya soko la umma si mali ya kuuzwa na mchuuzi mmoja kwa mwenziwe.

Usitoe pesa taslimu mkononi mwa mtu yeyote. Lipa kupitia njia rasmi ya kaunti na uhifadhi stakabadhi mahali pa biashara, nakala nyingine nyumbani. Vijana, akina mama na watu wenye ulemavu wakumbuke kwamba sheria imewatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali, zikiwemo za kaunti.

Askari wa kaunti wamechukua bidhaa zangu. Nifanyeje?

Uliza jina au nambari ya askari, uliza kosa ulilolifanya, na udai orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Faini hutozwa na mahakama na hulipwa kwa stakabadhi. Anayekuomba “umalizane naye” pembeni anakuomba hongo, na kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016 mtoaji na mpokeaji wote wana hatia. Mwenzako apige picha ya bidhaa kabla hazijapakiwa garini. Ninalisisitiza hili kwa sababu mama wa mboga hupoteza mtaji wote kwa asubuhi moja, na bila orodha hana cha kudai.

Nina nyumba, lakini ardhi si yangu. Nani alipe kodi ya ardhi ya kaunti?

Hali hii ya nyumba bila ardhi ni ya kawaida Mombasa, kuanzia Majengo hadi Likoni. Mtu humiliki nyumba ya Kiswahili aliyoijenga au kuirithi, na humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Kodi ya ardhi ya kaunti humwangukia mwenye ardhi aliyesajiliwa, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vinginevyo. Hata hivyo, deni la mwenye ardhi linaweza kukugusa, kwa mfano ardhi inapouzwa.

Kwa hivyo hifadhi kila stakabadhi ya kodi ya kiwanja, tangu za enzi za wazee wako, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kwamba nyumba ilikaa pale kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Anayepokea kodi bila kuandika, mwandikie wewe barua ya kuthibitisha malipo na ubaki na nakala. Ukiuziwa nyumba ya namna hii, hakikisha mwenye ardhi anakutambua kwa maandishi kabla hujatoa fedha. Na ukitaka kuongeza vyumba au kupandisha ghorofa, utahitaji ridhaa yake pamoja na kibali cha idara ya upangaji ya kaunti. Kibali kikikataliwa, sheria ya mwaka 2019 inakupa siku 14 za kukata rufaa katika kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi.

Je, Mji wa Kale una masharti yake?

Ndiyo. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Ngome ya Yesu iliyo ukingoni mwake imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2011. Kabla ya kubomoa baraza, kubadilisha mlango wa nakshi au kupandisha ghorofa, wasiliana na ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa. Vichochoro vyake havipitishi gari la zimamoto, kwa hiyo kila nyumba iwe na kizimamoto na njia ya kutokea isiyofungwa kwa masanduku.

Kuna msaada wa karo?

Upo wa aina tatu ambao watu huuchanganya: basari ya kaunti, ambayo fomu zake huulizwa wadini, mfuko wa eneo bunge, unaosimamiwa na kamati yake katika ofisi ya eneo bunge, na mfuko ulio chini ya mwakilishi wa wanawake. Kila mmoja una fomu yake na tarehe yake, na kukosa mmoja hakukuzuii kuomba mwingine. Ambatisha ripoti ya shule, barua ya karo, na ushahidi wa uyatima au ulemavu ikiwa upo.

Wazee na watu wenye ulemavu wana haki gani?

Mpango wa Inua Jamii wa serikali kuu huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Uandikishaji hufanywa kwa vipindi, na hutangazwa kupitia kwa chifu. Mtu mwenye ulemavu aanze kwa kupimwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha aombe kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, kwani bila kadi hiyo milango mingi ya misaada haifunguki.

Kijana wetu ametekwa na dawa za kulevya. Tunaweza kusaidiwa wapi?

Pigeni simu 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na dawa za kulevya, au mwende kituo cha matibabu cha Miritini. Uraibu ni ugonjwa unaotibika, na familia haipaswi kumfungia kijana ndani wala kungoja akamatwe ndipo itafute msaada. Kwa ukatili wa kijinsia nambari ni 1195, kwa mtoto aliye hatarini ni 116, na kwa polisi ni 999 au 112.

Bajeti ya kaunti hupangwa lini, na mimi nitasikilizwaje?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini anayekuja na ombi mwezi Juni amekuja karamu imekwisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika kila hatua kaunti inalazimika kuwashirikisha wananchi. Matangazo ya mikutano hiyo hubandikwa katika ofisi za wadi na kutolewa magazetini na redioni, mara nyingine siku chache tu kabla.

Nendeni mkiwa na ombi moja lililoandikwa, si kumi ya kusemwa. “Tunaomba mtaro wa mita 300 kutoka msikitini hadi daraja dogo, kwa sababu nyumba zilizo bondeni huingia maji kila masika” ni ombi ambalo karani anaweza kuliandika na mhandisi akalipima. “Tunataka maendeleo” halina pa kuandikwa. Hakikisheni majina yenu yamo katika orodha ya waliohudhuria.

Naweza kudai kuonyeshwa hati za serikali, kwa mfano za mradi uliokwama?

Unaweza, na hulazimiki kueleza sababu. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kulieleza kwa mdomo ili ofisa aliandike. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Taja mradi kwa jina lililo kwenye ubao wake, na uombe hati mahususi: mkataba, kiasi kilicholipwa, na tarehe ya kukamilika.

Ofisi haijanijibu kabisa. Hatua inayofuata ni ipi?

Kila barua ipeleke kwa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, na nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa, ikiwa na tarehe, kisha unaondoka nayo. Karani akisema muhuri haupo, aandike jina lake, tarehe na sahihi. Ukinyimwa habari au ukikawizwa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Tume hiyo hiyo hupokea malalamiko ya huduma mbovu na uzembe wa maofisa, bila malipo. Madai ya rushwa yapelekwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Mtaa mzima unaweza pia kuwasilisha ombi rasmi katika Bunge la Kaunti, likiwa na sahihi na nambari za vitambulisho vya waombaji, na Bunge linawajibika kulishughulikia. Katika hatua hizi zote jambo la kwanza utakaloulizwa ni ushahidi kwamba ofisi husika iliarifiwa, na ushahidi huo ni ile nakala yenye muhuri.